Kasongo na Nyimbo za Unguja

Sisi watu wa Kasongo tulipata Kiswahili kwa misafara ya Tippu Tip, mtu wa Unguja, katika karne ya 19. Misafara ile ilituletea lugha, lakini ilitunyang'anya watu na pembe.

Tangu mwaka 2004 hufanyika huko Unguja, katika Ngome Kongwe, sikukuu ya muziki iitwayo Sauti za Busara. Waimbaji hutoka nchi nyingi za Afrika. Bi Kidude, bibi wa taarabu na ngoma za unyago, aliimba pale. Alifariki mwaka 2013. Mwaka 2016 fedha zilikosekana, sikukuu haikufanyika. Ikarudi mwaka 2017.

Basi nasi tujifunze: anayetaka nyimbo za wazee wake zisikike, na atoe chochote alicho nacho.