Njaa Iliyobaki Kwenye Daftari

Njaa iliyoishika magharibi ya Uholanzi mwishoni mwa 1944 haikuwa kali kuliko zote za karne ile. Bengal, mwaka mmoja nyuma, ilizika watu kwa mamilioni. Hata hivyo wanaochunguza uzee wa mwili hurudi kwa Waholanzi, na nadhani sababu ni makarani na wakunga kuliko njaa yenyewe. Wafanyakazi wa reli waligoma Septemba, Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula, mifereji ikaganda, mgao ukashuka hadi kati ya kalori 400 na 800 kwa siku. Watu walichemsha vitunguu vya maua ya tulipu wakala. Ukombozi wa Mei 1945 ukarudisha chakula karibu ghafla. Katika hospitali ya Wilhelmina Gasthuis, Amsterdam, kumbukumbu za uzazi ziliendelea kuandikwa: uzito wa mtoto, hata wa kondo la nyuma. Basi aliyezaliwa Septemba 1945, ukihesabu miezi kurudi nyuma, unajua mimba yake ilitungwa njaani.

Mwaka 2008 Bastiaan Heijmans, L. H. Lumey na wenzao walipima damu ya watu 60 wa namna hiyo, wakailinganisha na ya ndugu zao wa jinsia ileile. Kwenye IGF2, jeni inayohusika na ukuaji, methili zilikuwa pungufu. Hizo ni alama za kikemia zinazoishikilia DNA bila kubadili herufi zake, nazo husaidia kuamua jeni isikike au inyamaze. Miongo sita ilikuwa imepita! Walioguswa na njaa mwishoni mwa ujauzito, ambao ndio waliozaliwa wadogo, hawakuwa na upungufu huo. Mwaka 2024 alama za aina hiyo zilipotumiwa kama saa ya uzee, walioipitia njaa tumboni walionekana kuzeeka kwa kasi kidogo kuliko wenzao.

Mwenye shaka atasema waliofaulu kushika mimba wakati hedhi za wengi zimekatika hawakuwa wanawake wa kawaida. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja walihitajika: mama ni yuleyule, nyumba ni ileile. Atasema pia kwamba damu si ini wala ubongo, na kila tishu ina alama zake. Hapo sina jibu la kumnyamazisha. Mzee wa Amsterdam hutoa mkono achomwe sindano, lakini hakubali kukatwa kipande cha ini ili daftari la 1945 likamilike.