Hatutawaambia

Neno hili moja limebeba ukanushi, watenda, wakati ujao, watendwa na mzizi wa kitenzi. Mtoto wa Tanga hulitamka bila kuwaza. Programu ya lugha iliyofunzwa zaidi kwa Kiingereza hulikatakata ovyo, kama muuza nyama asiyejua viungo, kwani hufuata vipande vya herufi vinavyojirudia, sarufi haiijui. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipita njia nyingine: mfumo wake wa kompyuta wa kuchambua Kiswahili, SALAMA, ulipewa kanuni za ngeli na viambishi. Kazi ya kuchosha hiyo! Lakini kwa lugha zenye maandishi machache, mathalani Kihehe au Kigogo, naona kanuni zitafaa kuliko kusubiri mabilioni ya maneno ambayo hakuna aliyeyaandika. Wanaisimu wetu, tuandikieni sarufi za lugha hizo.