Kununua parsele Uvira: makaratasi na maji, mambo mawili ya kuchunguza mbele ya kulipa

Uvira ni mji uliobanwa. Magharibi kuna milima ya Mitumba, mashariki kuna ziwa Tanganyika, na katikati kimebaki kipande chembamba cha ardhi ambako barabara ya taifa namba 5 inapita kuelekea Fizi. Parsele za fasi tambarare ni chache, lakini wanaozitafuta ni wengi: watu wa Fizi na wa milimani, watu wa bonde la Ruzizi, wafanyabiashara wa bandari ya Kalundu, Wakongomani wanaorudi toka ukimbizini Burundi na Tanzania. Mwezi wa pili 2025, AFC/M23 ilipoingia Bukavu, serikali ya jimbo la Kivu Kusini ilihamia Uvira, na familia nyingi zilifuata njia hiyo hiyo. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, vita vilifika Uvira yenyewe, na maelfu ya wakaaji wakakimbilia Burundi.

Kwa familia iliyohama, pesa ya nyumba mara nyingi ndiyo akiba yote: ng'ombe waliouzishwa, shamba lililoachwa, dola zilizotumwa na mtoto aliye ugenini. Akiba hiyo inapotea kwa njia mbili. Kuna parsele ambayo aliyeuzisha hakuwa mwenyewe. Na kuna parsele ambayo mwenyewe ni wa kweli, lakini maji ndiyo yenye kuimiliki.

Udongo ni wa serikali

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema kwamba udongo wa Kongo ni mali ya serikali peke yake na hauuzishwi. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Raia wa Kongo anaweza kupata haki isiyo na mwisho, ile inayoitwa konsesyo ya kudumu. Mgeni, pia kampuni, wanapata konsesyo ya muda, isiyozidi miaka 25, na inaweza kuongezwa.

Haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja: cheti cha usajili, kile ambacho watu mjini wanaita sertifika, chenye kutolewa na konservateri wa ofisi ya ardhi. Miaka miwili ikiisha tangu kitolewe, ni vigumu sana mtu mwingine kukiangusha mahakamani. Hiyo ni nguvu kwa mnunuzi mwenye cheti. Lakini ni hatari kwa yule aliyenunua kwa karatasi ya mkono na kukaa kimya, wakati mwingine anatafuta cheti juu ya parsele ile ile.

Makaratasi yanayozunguka mjini

Parsele nyingi za Uvira hazina cheti. Zina fishi ya parsele, hati ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu wa kartye, ao karatasi ya shefu wa kimila. Karatasi hizo zina kazi yake: zinaonyesha nani alikaa pale, alinunua kwa nani, majirani gani walishuhudia. Ila hazichukui nafasi ya cheti. Hata ardhi ya kimila, ambayo sheria ya 1973 iliiweka chini ya serikali, ilibaki bila utaratibu wa wazi, na ndiyo maana shefu na ofisi ya ardhi wanaweza kugawa fasi moja kwa watu wawili.

Mnunuzi mwangalifu anafuata hatua hizi, moja kisha nyingine:

1. Anaenda kwenye parsele mchana, anasalimia majirani wa pande zote, na kuwauliza kama kuna mgogoro. Jirani anajua mengi kuliko komisyoneri.
2. Anauliza kwa shefu wa avenyu na wa kartye.
3. Anachukua namba ya parsele na kwenda nayo kwa konservateri na kwenye kadastri, kuona imeandikwa kwa jina la nani na kama imewekwa rehani.
4. Anaomba ipimwe, aone kama mipaka ya ardhini inalingana na ile ya kwenye karatasi.
5. Anasaini hati ya mauzo mbele ya notari, na mashahidi wa pande mbili.
6. Anaomba cheti kigeuzwe kwa jina lake. Ofisini kazi hiyo inaitwa mitasyo. Wengi wanaishia kwenye hatua ya tano juu ya kukosa pesa, na hapo ndipo shida za kesho zinaanzia.

Avansi isitolewe mbele ya hatua ya tatu. Mwenye kuharakisha sana mnunuzi, akisema kuna mtu mwingine anakuja kesho na dola, anafaa kuachiwa huyo mtu mwingine.

Nani ana haki ya kuuzisha

Kesi nyingi zinatoka ndani ya familia. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka bibi na bwana wakubaliane wote wawili mbele ya kuuzisha nyumba, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Saini ya baba peke yake haitoshi. Baba akiisha kufa, parsele inakuwa ya warithi, na mjane ana haki yake katika nyumba waliyokaa. Kaka mkubwa akiuzisha bila wadogo zake na bila mama, mnunuzi ndiye atakayeitwa mahakamani siku wadogo watakapokua. Saini za warithi wote ni lazima, pia za dada walioolewa mbali.

Kiangazi kinadanganya

Mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka kutoka milimani kwa kasi na kukata mji kabla ya kufika ziwani. Wakati wa kiangazi inaonekana midogo, watoto wanaivuka kwa miguu, na parsele ya pembeni inauzishwa bei rahisi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa iliifurisha. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yalibomoka, na familia nyingi zilikosa hata fasi ya kujengea tena, kwa kuwa udongo wenyewe ulikwenda na maji.

Ziwa nalo linapanda. Mito mingi inaingia Tanganyika, lakini mto wenye kutoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kalemie. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa, maji yanakosa njia ya haraka ya kutoka. Ilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikarudi 2020 na 2021, kisha 2024, maji yalipoingia katika nyumba za pwani ya Uvira, bandarini Kalundu, na ng'ambo kule Gatumba na Bujumbura. Wazee wanaosema ziwa linarudia fasi yake hawakosei.

Kuna na jambo la sheria: sakafu ya ziwa na ya mto ni mali ya umma. Mwenye kujenga pale hata cheti hakimsaidii.

Kwa hiyo mnunuzi atazame alama ya maji kwenye kuta za majirani. Aulize maji yalifika wapi 2020 na 2024. Aulize pia kama bomba la REGIDESO linafika na linatoa maji siku ngapi kwa juma, kwa sababu Uvira ni mji ambao kipindupindu hakijaondoka, na nyumba isiyo na bomba inawarudisha watoto ziwani na ndoo. Kupanda mlimani kukimbia ziwa si dawa ya moja kwa moja: udongo wa miteremko unaporomoka pale miti imeisha.

Kupanga nyumba kwanza

Kwa anayefika mara ya kwanza, njia ya akili ni kupanga nyumba na kuona msimu mmoja wa mvua, tangu mwezi wa kumi mpaka wa tano. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inamkataza mwenye nyumba kudai garanti inayozidi miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Wengine wanadai sita na zaidi; mpangaji anaweza kuionyesha sheria hiyo mbele ya kusaini.

Mwisho, makaratasi yenyewe. Vita vimeonyesha kwamba mtu anaweza kuacha nyumba kwa dakika kumi. Nakala ya cheti ao ya hati ya mauzo ikae kwa ndugu aliye mji mwingine, na picha yake ikae ndani ya simu, pamoja na namba za mashahidi. Nyumba inaweza kukaliwa na mwingine wakati mwenyewe yuko kambini. Siku ya kurudi, yule mwenye karatasi na majirani wa kumshuhudia ana pa kuanzia.