Mpango ni wa Nani? Fundisho la Historia ya Karagwe kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi

Wapo viongozi wanaolichukulia suala la mabadiliko ya tabianchi kuwa jambo jipya kabisa, lililoletwa na wataalamu, ambalo mwanakijiji anapaswa kufundishwa kuanzia herufi ya kwanza. Mtazamo huo ni potofu, na madhara yake ni makubwa. Unamfanya mkulima kuwa mpokeaji wa maagizo, na mpango wa kijiji kuwa karatasi ya kujazwa ofisini na kupelekwa wilayani.

Historia ya Karagwe inatufundisha vingine. Tunaposema Karagwe tuna maana ya wilaya mbili za leo: Karagwe yenyewe, ambayo makao yake makuu ni Kayanga, na Kyerwa, iliyogawanywa kutoka humo mwaka 2012. Katika nchi hiyo ya milima na mabonde, watu wamepambana na ukame, maradhi ya mifugo na uchovu wa ardhi tangu zamani. Mipango haikukosekana hata siku moja. Swali la msingi limekuwa moja tu: mpango ni wa nani?

Kibanja na Rweya

Kabla ya ukoloni Wanyambo walikuwa na mpango wao wa matumizi ya ardhi, ingawa haukuandikwa. Kiini chake kilikuwa kibanja: shamba la migomba lililozunguka nyumba, na ndani yake mibuni, maharage na miti ya kivuli. Nje ya kibanja ilikuwa rweya, yaani mbuga ya nyasi ya kuchungia ng'ombe. Nyasi zilikatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba ili kuhifadhi unyevu na kuzuia mmomonyoko. Samadi ya ng'ombe ilirudishwa shambani. Kwa hiyo rutuba ya kibanja haikushuka kutoka mbinguni. Ilitokana na kazi ya vizazi vingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake.

Lakini tusiipambe historia. Utawala wa Wahinda ulikuwa utawala wa kitabaka. Ng'ombe wengi walikuwa mali ya watawala na wakubwa wao, na asiye na ng'ombe alipata samadi kwa utumishi. Katika eneo la Bukoba mfumo wa nyarubanja ulimfanya mkulima kuwa mpangaji juu ya ardhi aliyoilima mwenyewe, mpaka ulipofutwa kwa sheria baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960.

Udhaifu huo ulijitokeza wazi katika miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulipofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na Karagwe haikunusurika. Ng'ombe walipokwisha, samadi ilikwisha. Malisho yasiyochungwa yaligeuka vichaka, na vichaka vikawa makazi ya mbung'o. Mbung'o walipoenea katika miongo iliyofuata, ng'ombe hawakuweza kurudi katika sehemu hizo. Pigo moja lilizaa jingine. Hapo tunajifunza kwamba hali ya hewa, mifugo, misitu na chakula ni mnyororo mmoja. Mpango unaoshughulikia pingu moja tu ya mnyororo huo hauwezi kufaulu.

Mpango wa Amri

Wakoloni nao walikuja na mipango. Mwaka 1937 Wilaya ya Bukoba, ambayo wakati huo ilijumuisha Karagwe, ilikumbwa na ghasia za kupinga kanuni za serikali ya Waingereza juu ya utunzaji wa mibuni. Mwaka 1953 wananchi walipinga ukaguzi wa migomba uliofanywa kwa ajili ya kupambana na fukusi. Mzalendo Ali Migeyo alisimama upande wa wakulima. Mkutano wake wa Kamachumu ulitawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi, naye akafungwa.

Ni lazima tulitazame jambo hili kwa makini. Fukusi ni adui wa kweli wa mgomba. Kutandaza nyasi na kusafisha shamba ni kilimo bora. Wakulima hawakupinga sayansi; walipinga kuamriwa ndani ya vibanja vyao na serikali ambayo hawakuichagua. Utaalamu ulio sahihi, ukiletwa kwa njia ya ubabe, huzaa upinzani na hupotea.

Je, sisi wenyewe tulilizingatia fundisho hilo? Chama cha kimapinduzi hakiogopi kujikosoa. Mwaka 1972 Madaraka Mikoani yalitangazwa kwa shabaha ya kuwapa wananchi uwezo, lakini halmashauri za wilaya zilivunjwa, na hazikurudi mpaka mwaka 1984. Katika Operesheni Vijiji, hasa kati ya 1973 na 1976, sehemu nyingi za nchi watu walihamishwa kwa haraka bila kupima maji wala udongo. Maeneo ya migomba yaliguswa kidogo, kwa kuwa watu walikuwa tayari wanaishi pamoja. Hata hivyo fundisho ni la Taifa zima.

Mpango wa Umma

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa mkoani Kagera. Dawa ya kunyunyiza haikuwepo. Kilichohitajika ni kukata ua dume, kusafisha visu kwa moto au dawa, na kung'oa mashina yaliyougua. Mkulima mmoja akifanya hivyo na jirani yake asifanye, kazi yote ni bure. Madai yalikuwa karibu sawa na yale ya 1953, lakini safari hii vijiji vingi vilijitungia sheria ndogo na kuzisimamia. Sheria iliyotungwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji ina mwenyewe. Amri ya mkaguzi haina.

Mfano wa pili ni mradi wa upandaji miti uitwao Emiti Nibwo Bulora, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000 katika eneo la Karagwe na Kyerwa. Humo mkulima anachora mpango wa shamba lake mwenyewe: wapi apande miti mpakani, wapi aichanganye na mazao. Hilo ni jema. Lakini miti hiyo inalipiwa kwa njia ya kuuza hati za hewa ukaa nje ya nchi. Hapa kuna mgongano usiofaa kufichwa. Dunia imepata joto la zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19, hasa kwa sababu ya viwanda vya nchi tajiri. Mkulima wa Kayanga, ambaye mchango wake katika uchafuzi huo ni mdogo mno, ndiye anayekosa mvua ya kuotesha maharage. Malipo ya hati yamsaidie, lakini yasiwe ruhusa ya tajiri kuendelea kuchafua.

Kazi Iliyo Mbele Yetu

Vyombo tunavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinakipa kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ulianzishwa mwaka 2002 ili mipango ianzie chini. Kinachotakiwa ni kuvitumia kwa ukweli.

Kada anayekwenda kijijini aanze kwa kuuliza: chemchemi ipi imekauka, na tangu lini? Rweya imebaki kiasi gani, na nani ameichukua? Nani anabeba nyasi, na nani anaamua mti upandwe wapi? Swali hili la mwisho ni zito. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika shauri lililotoka Kagera, iliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo. Hata hivyo mwanamke asiye na sauti juu ya kibanja hawezi kupanda mti utakaokomaa baada ya miaka 15.

Mpango usiojibu maswali hayo, hata ukipigwa muhuri, ni wa ofisi. Mpango unaoyajibu ni wa umma, na umma utaulinda.