Vua Viatu, Tandika Mkeka

Darasa la yoga lina miiko yake. Fika mapema. Vua viatu mlangoni. Zima simu. Usikanyage mkeka wa mwenzako. Usiondoke kabla ya pumziko la mwisho. Kijana wa Ngarenaro au Unga Limited akiisikia orodha hii huona ni adabu ya wazungu na watu wa mashirika. Historia inasema vingine.

Tuanze na mkeka. Bhagavad Gita, maandiko ya kale ya Kihindu, inamwelekeza anayetafakari atandike majani ya kusha, juu yake ngozi ya paa, kisha kitambaa. Mkeka wa mpira ni wa juzi tu, karne ya 20. Nasi, kabla neno hilo halijahamia kwenye kubeti, tulikalia mkeka wa ukindu, tukalala juu yake, tukaswali, tukapokea wageni. Hakuna mtoto aliyeupanda na viatu akaachwa bila kukaripiwa.

Kuhusu chakula, B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune, alishauri katika kitabu chake *Light on Yoga* cha mwaka 1966 kwamba baada ya mlo mzito usubiri saa nne hivi. Sababu yake haina fumbo: jaribu kuinama na kujipinda ukiwa umetoka kula makande.

Pumziko la mwisho huitwa savasana, yaani mkao wa maiti, nalo limo katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15. Kuondoka wakati huo ni kama kutoka msibani kabla ya dua. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai baridi ya Meru haina huruma. Mwili uliotoka jasho hupoa haraka. Beba sweta.

Kwa nini basi yoga inaonekana ya mzungu? Kwa sababu ya njia iliyopita. Mikao mingi ya kusimama ilipata sura yake ya leo Mysore miaka ya 1930, Tirumalai Krishnamacharya alipofundisha vijana kwa ufadhili wa mfalme. Iyengar, mwanafunzi wake, alianza kufundisha Ulaya miaka ya 1950. Wahindi wamekuwa na maduka Arusha tangu enzi za Wajerumani, lakini yoga ya madarasa haya haikutokea uani kwao. Ilizunguka kwanza London na California, ndipo ikatufikia, ikizungumza Kiingereza.

Inabaki hofu ya dini, nayo si ya kuchekwa. Wengi huogopa "namaste". Kwa Kisanskriti maana yake ni "nakuinamia", na India ni salamu ya kila siku. Sisi humwambia mkubwa "shikamoo", neno linalosemwa kuwa lilitokana na "nashika miguu yako", wala hatudhani tumemwabudu. "Om" ni jambo jingine: kwa Wahindu ni sauti takatifu. Kama imani yako haikuruhusu kuitamka, kaa kimya, usicheke, usimtazame anayeitamka. Hivyo ndivyo tunavyokaa kwenye harusi na misiba ya majirani wa dini nyingine, na adabu hiyo hatukufundishwa na mgeni.