Upande wa Pili wa Karatasi

Kila Jumamosi asubuhi watoto wanafika kwenye kibanda chetu cha vijana hapa Nyarugusu. Swali lao la kwanza si "leo tunachora nini?" Wanauliza, "kaka, karatasi ipo?"

Rimu moja ina karatasi 500. Ukisikia 500 unaona ni nyingi. Lakini piga hesabu: watoto 60, kila mmoja karatasi mbili kwa wiki. Wiki ya nne ikiisha zimebaki 20 tu, na rimu nyingine hakuna wa kuinunua. Ndipo nikaanza kusoma wengine waliokosa karatasi kabla yetu walifanyaje.

Kwanza nikajua kwamba karatasi rahisi ni kitu cha juzi. Kule Ulaya kwa miaka mingi karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya nguo, na matambara hayakutosha. Ni katika miaka ya 1840 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alipopata njia ya kusaga mti uwe uji wa karatasi. Baadaye bei ikashuka, magazeti na madaftari yakaenea. Ila bei haijashuka mpaka ikatufikia sisi.

Habari iliyonishika zaidi ni ya mwalimu mmoja, Friedl Dicker-Brandeis. Alizaliwa Vienna mwaka 1898, akasomea sanaa katika shule ya Bauhaus kule Ujerumani. Alikuwa Myahudi. Desemba 1942 Wanazi walimpeleka Terezín, mji wa ngome karibu na Prague walioufanya gereza la Wayahudi. Kila mtu aliruhusiwa kubeba kilo 50. Wewe uliyewahi kufunga mzigo wa kukimbia unajua kilo 50 ni nini: sufuria, blanketi, nguo za watoto. Yeye alitia rangi na karatasi.

Masomo ya shule yalikatazwa kule, basi akafundisha kuchora. Karatasi alizokuja nazo hazikutosha. Wakatumia fomu za ofisi zilizokwisha kazi, karatasi za kufungia vitu, chochote chenye upande mtupu. Fomu nyingine walizikata vipande wakabandika, zikawa nyumba na milima. Na aliwataka watoto waandike majina yao kwenye michoro.

Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Wengi wa watoto wale nao waliuawa. Lakini michoro kama 4,500 ilifichwa ndani ya masanduku mawili, na baada ya vita ikafikishwa Prague. Mpaka leo inatunzwa na Makumbusho ya Kiyahudi ya mji huo.

Silinganishi kambi yetu na Terezín. Sisi tulikimbilia hapa ili tupone, wao walipelekwa kule wafe. Nilichochukua kwa mwalimu yule ni jicho lake la kuona karatasi pale ambapo wengine wanaona takataka.

Sasa sisi tunapata wapi? Kwa mafundi wanaojenga tunaomba mifuko ya saruji. Ile ya karatasi ina tabaka zaidi ya moja. Lililogusa saruji tunalitupa, maana vumbi lake linaunguza ngozi na macho. Tunaikung'uta sisi wakubwa, nje, watoto wakiwa mbali. Tabaka la nje, upande usio na maandishi, ni kaki safi na imara, na mkaa unakaa vizuri juu yake. Sokoni tunaokota maboksi ya sabuni. Kalenda ya mwaka uliopita ni mali: mgongo wake mweupe unatosha watoto wawili.

Na fomu? Hapo tuliteleza. Kuna ofisi moja ilitupa furushi la karatasi zilizotumika, tukashukuru sana. Tulikuwa tumeshagawa nusu, msichana mmoja akaniletea mchoro wake wa mbuzi. Nikaugeuza. Nyuma kulikuwa na majina ya familia, namba zao na sababu iliyowafanya wakimbie. Mikono ilinitetemeka. Nilizikusanya zote nikazirudisha, na mbuzi wa yule mtoto akaenda nazo. Alilia. Sikuweza kumweleza kwamba karatasi ile ingeweza kumletea mtu shida.

Ndugu zangu wa mashirika, ombi langu ni dogo. Mabango ya semina zilizokwisha, karatasi kubwa za mikutano, nakala zilizotoka vibaya: msichome. Kabla ya kutupa, mtu mmoja azipitie, atoe kila yenye jina au namba ya mtu, zilizobaki mtuitie tuje kuchukua. Hazina gharama yoyote.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi na kipande cha kaki chenye mistari ya mkaa, msiwashie jiko. Mwaka jana kijana mmoja wa kikundi chetu aliondoka na familia yake kwenda nchi ya mbali. Kwenye begi lake hapakuwa na nafasi, akaniachia michoro yake. Ninayo ndani ya gunia, juu ya dari mvua isikofika. Kila mmoja una jina lake, kaliandika mwenyewe.