Mosi Mbili Zilizofichwa na Jina Moja

Kwa miaka mingi ya karne ya 20, wataalamu wa mimea wa Ulaya waliziita mosi mbili za vinamasini kwa jina moja, Sphagnum imbricatum. Mwaka 1984 Mnorwe Kjell Ivar Flatberg alilipitia upya kundi hilo akazitenganisha: Sphagnum austinii na Sphagnum affine. Majina yenyewe yalikuwepo tangu karne ya 19. La kwanza linamuenzi Mmarekani Coe Finch Austin. La pili lilitolewa na Renauld na Cardot mwaka 1885.

Mosi za jenasi hii ya Sphagnum hufyonza maji mara nyingi ya uzito wao mkavu. Siri iko kwenye jani. Seli nyembamba za kijani zimebanwa katikati ya seli kubwa zilizokufa, tupu, zenye matundu ya kuingizia maji. Chini ya hadubini, kuta za seli za ndugu hawa wawili zina vijino kama vya kitana. Kwa austinii vimesongamana. Kwa affine ni hafifu.

Makazi yao nayo ni mbalimbali. Austinii hujenga vichuguu vya kahawia vilivyoshikamana, juu ya vinamasi vinavyolishwa na mvua peke yake. Affine hupenda mahali maji ya ardhini yanapopita na madini kidogo.

Habari ya austinii ndiyo yenye kushtua. Ukichimba mboji ya Uingereza na Ireland unakuta tabaka nene za majani yake, kwani ilitawala kwa maelfu ya miaka. Kisha, karibu na Zama za Kati, inakatika. Mwaka 1999 Dmitri Mauquoy na Keith Barber, waliochunguza vinamasi sita vya kaskazini mwa England na mpakani mwa Scotland, walihusisha kutoweka huko na kuharibika kwa hali ya hewa. Wengine huwalaumu binadamu kwa moto na mifereji, na huenda pande zote mbili zina haki. Leo imebaki sehemu chache, mojawapo Cors Fochno huko Wales.

Tangu 1992 sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda makazi ya viumbe imeziweka karibu mosi zote za jenasi hii katika fungu moja. Hapo ndipo penye kasoro: kuziba mifereji ya kinamasi cha mvua kunaifaa austinii, lakini affine haitapona chemchemi inayoilisha ikichepushwa.